Vinia za Kauri Hutengenezwaje? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ni maswali tunayoulizwa sisi mafundi wa maabara ya meno, mengine na madaktari, mengine na wagonjwa wanaotaka kujua kinachofanyika kati ya siku ya kupimwa na siku ya kubandikwa. Anayejibu hapa hujenga kauri kwa brashi na huchora vinia kwenye kompyuta pia, kwa hiyo ana upendeleo wake, na ataueleza waziwazi.

Vinia ni nini, na namna ya kuitengeneza inanihusu nini mimi mgonjwa?

Ni gamba jembamba la kauri linalobandikwa kwenye uso wa mbele wa jino ili kubadili rangi, umbo au urefu wake. Unene wake kwa kawaida ni kati ya milimita 0.3 na 1. Likiwa bado mkononi unaweza kulivunja kwa vidole viwili. Likishashikamana na enameli (tabaka gumu la nje la jino), jino na gamba hubeba mzigo pamoja, na ndiyo maana kitu dhaifu namna hiyo kinaweza kudumu mdomoni miaka kumi na zaidi.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Enzi za awali za sinema za Hollywood, daktari wa meno Charles Pincus aliwatengenezea waigizaji magamba ya kushikizwa kwa unga unaotumika kwenye meno ya bandia. Yalifaa mbele ya kamera tu. Mambo mawili yalibadilisha hali hiyo: mwaka 1955 Michael Buonocore alionyesha kwamba asidi huikwaruza enameli kiasi cha resini, yaani gundi ya plastiki, kuing'ang'ania, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikathibitika kwamba kauri nayo inaweza kukwaruzwa kwa asidi hidrofloriki upande wake wa ndani. Tangu hapo vinia ikawa tiba ya kudumu.

Namna ya kuitengeneza inakuhusu kwa sababu ndiyo inayoamua unene, na unene ndio unaoamua jino lako lisagwe kiasi gani. Enameli iliyosagwa haioti tena.

Njia ni ngapi?

Kuu ni tatu: kuijenga kauri kwa mkono kutoka kwenye unga, kuishindilia ikiwa moto ndani ya kalibu, na kuichonga kwa mashine kutoka kwenye bloku. Nyingine ni matawi ya hizi, au mchanganyiko wake.

Rafiki yangu ana vinia za "e.max". Hiyo ni njia ipi kati ya hizo?

Hujaniambia bado. IPS e.max ni jina la bidhaa za kampuni ya Ivoclar, na zinazotumika sana kwa vinia ni za kauri ya lithiamu disiliketi. Kauri hiyo huuzwa kwa sura mbili: vidonge vya kushindilia na bloku za kuchonga. Rafiki yako anaweza kuwa na hii au ile, na kwa kumtazama huwezi kujua.

Hapa ndipo mazungumzo mengi yanapovurugika. Watu hulinganisha "e.max na mashine" au "feldispari na ya kushindilia" kana kwamba ni vitu vya kundi moja, kumbe kimoja ni malighafi na kingine ni njia. Kauri ya feldispari, ambayo karibu yote ni kioo, hujengwa kwa mkono lakini pia ipo kwenye bloku za kuchonga. Lithiamu disiliketi hushindiliwa au huchongwa. Kauri iliyoimarishwa kwa fuwele za lusaiti (aina ya madini) vivyo hivyo. Zirkonia, kauri ngumu isiyo na kioo, kwa kawaida huchongwa. Utaratibu wa fikra wa daktari mzuri huanzia kwenye jino lenyewe, kisha malighafi, na njia huja mwisho. Mgonjwa anayefika na njia kichwani ameanza kinyumenyume, na mara nyingi si kosa lake, bali la matangazo.

Kujenga kwa mkono hufanyikaje hasa?

Fundi hupokea chapa ya meno (alama ya umbo lake iliyochukuliwa mdomoni) kutoka kwa daktari na kumimina modeli ya plasta ngumu. Kisha hutengeneza nakala ya kila jino kwa malighafi inayostahimili tanuri, kwa sababu plasta ya kawaida haiwezi kuingia humo. Juu ya nakala hiyo ndipo kauri hujengwa.

Unga wa feldispari hukorogwa na kimiminika chake ukawa kama uji mzito, kisha huwekwa kwa brashi. Unga hauwi wa aina moja. Kuna wa rangi ya dentini (sehemu ya jino iliyo chini ya enameli) unaokaa chini, wa enameli unaokaa juu, unaopitisha mwanga wa kuweka ukingoni (ncha ya kung'atia), na mwingine wenye ubuluu au umanjano kidogo. Jino la asili halina rangi moja: shingoni, karibu na fizi, lina rangi yenye umanjano zaidi, ukingoni karibu linaonyesha ng'ambo, na katikati mna vidole vya dentini vinavyojitokeza hafifu. Fundi anaviweka vyote hivyo kwenye gamba la nusu milimita. Maji ya ziada hunyonywa kwa karatasi laini ili chembe za unga zikaribiane, kisha kazi huingia kwenye tanuri lenye uwazi usio na hewa, kwenye joto la nyuzi 900 na ushei za Selsiasi, kutegemea aina ya unga.

Ikitoka imesinyaa. Kauri ya unga hupoteza karibu theluthi ya ujazo wake inapoiva, kwa hiyo fundi hujenga kubwa kuliko anavyotaka, huchoma, hujazia palipopungua, huchoma tena. Baada ya hapo umbo hukamilishwa kwa vinoo vya almasi: mistari ya wima, mawimbi madogo ya uso, pembe. Mwisho hung'arishwa, na ile nakala iliyoshikilia kauri kutoka ndani huondolewa kwa kupulizwa chembe laini za kioo kwa shinikizo dogo. Hatua hii ndiyo inayonifanya nishikilie pumzi hata leo. Gamba la milimita 0.3 halina mtetezi ndani yake, na pua ya mashine ikikaribia mno, ukingo unatoweka.

Nakala ikishaondoka, kurudi kwenye tanuri ni shida, kwa kuwa hakuna tena kinachoishikilia kauri isilegee. Kwa hiyo rangi ikikataliwa siku ya kujaribisha mdomoni, mara nyingi kazi huanza upya.

Nimesikia pia habari za karatasi ya platinamu.

Ni njia ya zamani zaidi ya kujenga kwa mkono, na mizizi yake ni kazi ya Charles Land wa Detroit mwishoni mwa karne ya 19. Karatasi ya platinamu yenye unene wa milimita 0.025 hulazwa juu ya jino la plasta na kusuguliwa mpaka ifuate kila mkunjo. Kauri hujengwa juu yake. Uzuri wake ni kwamba karatasi huvuliwa kwenye modeli na kurudishwa wakati wowote, hivyo fundi anaweza kukagua na kuchoma mara nyingi. Ikimalizika, karatasi hubanduliwa kutoka ndani na kuacha nafasi ndogo ya gundi. Wanaoimudu vizuri leo ni wachache, na ni hasara, kwani baadhi ya vinia nyembamba kuliko zote hutoka kwenye mikono yao.

Na kushindilia?

Hapa fundi hachongi kauri kwanza, anachonga nta. Anaijenga vinia nzima kwa nta juu ya modeli, anaangalia inavyokutana na meno ya chini, anarekebisha, na akiridhika anaizamisha kwenye uji wa malighafi ya kalibu. Kalibu ikishaganda huingizwa kwenye tanuri la takriban nyuzi 850, nta inaungua yote na kuacha tundu lenye umbo la vinia. Ni kanuni ile ile ya sonara anayesubu pete. Kidonge cha kauri huwekwa mdomoni mwa kalibu, hupashwa hadi nyuzi 900 na kitu, kinalegea kama asali nzito, na fimbo ya tanuri inakisukuma polepole ndani ya tundu.

Faida ni mbili. Kwanza, umbo la nta ulilolipenda ndilo unalolipata kwenye kauri, bila kubahatisha kusinyaa. Pili, kidonge kimetengenezwa kiwandani, hivyo hakina vipovu vya hewa ambavyo brashi huviacha hata mikononi mwa fundi hodari. Kingo hutoka safi.

Tatizo ni rangi. Kidonge kina rangi moja kuanzia shingoni hadi ukingoni. Fundi ana njia mbili za kukwepa hilo. Anaweza kupaka rangi za juu na kuzichoma, ambayo ni haraka lakini rangi inakaa usoni tu. Au anaweza kukata theluthi ya ukingoni na kujazia kwa unga wa kauri kwa brashi, akapata kina cha rangi huku mwili wa vinia ukibaki ule imara. Kwa meno ya mbele mimi huchagua hii ya pili kila nikiruhusiwa na nafasi.

Mashine nayo inafanya nini?

Meno hupimwa kwa skana ya mdomoni, au modeli hupimwa maabarani. Vinia huchorwa kwenye kompyuta, kisha mashine huichonga kutoka kwenye bloku huku maji yakimwagika. Teknolojia hii si ngeni kama inavyodhaniwa: mwaka 1985 Werner Mörmann alimtibu mgonjwa wa kwanza kwa CEREC, mfumo wa kuchonga kauri kwa kompyuta, katika Chuo Kikuu cha Zurich, baada ya kuubuni pamoja na mhandisi Marco Brandestini, ingawa kazi hiyo ilikuwa ya kujaza jino, si vinia.

Bloku ya lithiamu disiliketi huchongwa ikiwa bado haijaiva, yenye rangi ya buluu-zambarau inayowashtua wagonjwa wanaochungulia. Katika hali hiyo ni laini kiasi cha kuchongeka. Baadaye huchomwa kwenye takriban nyuzi 840 hadi 850, fuwele zinakua, rangi ya jino inatokea na nguvu inapanda zaidi ya maradufu.

Udhaifu wa mashine uko kwenye ncha ya kichongeo. Kichongeo ni duara na kina upana wake, kwa hiyo hakiwezi kufuata kona iliyo kali kuliko chenyewe. Pia ukingo mwembamba sana hukatika ukichongwa. Programu hutatua hilo kwa kuongeza unene ukingoni, na fundi huupunguza baadaye kwa mkono chini ya darubini. Fundi asipofanya hivyo, utausikia ukingo kwa ulimi. Usiambiwe basi kwamba vinia ya mashine haina mkono wa mtu. Ile nzuri inao.

Ipi ni imara zaidi?

Kwa vipimo vya kupinda maabarani: feldispari ya kujengwa huvunjika kwenye megapaskali (kipimo cha nguvu ya kukandamiza) 60 hadi 100 hivi, ya lusaiti kwenye 120 hadi 160, lithiamu disiliketi kwenye 360 hadi 400 na zaidi, na zirkonia za kawaida hupita 1,000.

Ukiishia kwenye namba hizo utadhani feldispari haifai. Lakini vinia haikai hewani ikapindwa, imegandishwa kwenye jino. Feldispari iliyobandikwa juu ya enameli nzima ina rekodi ndefu na nzuri. Vinia nyingi zinazofeli hufeli kwa sababu ya kilicho chini yake: dentini imeachwa wazi kwenye eneo kubwa, ukingo umeishia kwenye kijazo cha zamani, au mgonjwa anasaga meno usiku na hakuna aliyemuuliza. Nguvu ya malighafi hupata umuhimu pale vinia inaporefusha jino kwa milimita mbili hivi, au meno yanapogongana ukingo kwa ukingo. Hapo mimi husema lithiamu disiliketi, na sibishani sana kama ishindiliwe au ichongwe.

Ipi inakaa vizuri zaidi kwenye jino?

Kipimo kinachotajwa sana ni mikroni 120 (milimita 0.12), kilichopendekezwa na McLean na von Fraunhofer mwaka 1971 kama mwisho wa pengo linalokubalika ukingoni. Njia zote tatu zinaweza kukaa chini ya hapo. Ya kujengwa na ya kushindiliwa hutegemea chapa na mkono, ya mashine hutegemea skana na ncha ya kichongeo. Chapa mbovu haiokolewi na njia yoyote.

Jino langu moja limekuwa jeusi. Kuna njia inayofaa kuliko nyingine?

Ndiyo, na hapa tofauti huonekana wazi. Feldispari nyembamba hupitisha mwanga, na ule weusi utapita nao. Kwa kawaida tunahesabu milimita 0.2 hadi 0.3 za kauri kwa kila hatua moja ya rangi tunayotaka kupanda, hivyo jino jeusi linahitaji nafasi, na nafasi ni kusaga.

Vidonge na bloku za lithiamu disiliketi huja kwa viwango tofauti vya kupitisha mwanga, kuanzia vinavyoonyesha sana hadi vinavyokaribia kuziba kabisa. Fundi anaweza kuchagua mwili unaoziba, kisha akajenga tabaka za unga juu yake ili lisionekane kama chokaa. Kujenga kwa mkono nako kunawezekana kwa kuweka tabaka la kuziba chini, ila ni kazi ya kuhesabu kila mikroni. Na kabla ya yote hayo, jino lililokufa mshipa linaweza kusafishwa rangi kutoka ndani. Muulize daktari wako kama hilo limejaribiwa.

Jambo moja ambalo madaktari husahau kututumia: picha ya jino likiwa limeshasagwa, pamoja na kipande cha kulinganishia rangi pembeni. Kadi ya rangi ya kampuni ya VITA, ya tangu 1956, ina rangi 16, kuanzia A1 hadi D4, na fundi anayeambiwa "A1" pekee bila kujua rangi iliyo chini anapiga ramli. Gundi yenye rangi husaidia kidogo tu, isitegemewe kuficha weusi.

Kuna vinia za bila kusaga jino. Ni kweli?

Ni kweli kwa baadhi ya watu: wenye meno madogo, mapengo kati ya meno, au meno yaliyolika. Kwao kuongeza unene ni faida. Kwa mwenye meno yaliyokwisha kujaa au kutokeza mbele, vinia ya bila kusaga humpa meno manene, shingo zinatokeza, uchafu unakwama na fizi zinavimba.

Kwa wanaosagwa, tatizo liko karibu na fizi. Enameli ya jino la mbele la juu hapo ina milimita 0.3 hadi 0.4 tu, ilhali kuelekea ukingoni inafika karibu 1. Daktari akisaga milimita 0.5 sawasawa kila mahali, shingoni ameshaingia kwenye dentini. Feldispari ya mkono hukubali 0.3, ya kushindiliwa inaikaribia, ya mashine mara nyingi hudai zaidi kidogo. Njia salama ni kuchora tabasamu kwa nta kwanza, kulihamishia mdomoni kwa resini ya muda, na kusaga kupitia hiyo resini. Kwa namna hiyo panasagwa palipo lazima tu, na wewe unaona umbo kabla hujapoteza chochote.

Zirkonia je, si ndiyo ngumu kuliko zote?

Ngumu, ndiyo. Lakini haina kioo, na asidi hidrofloriki haipati cha kukwaruza. Lazima ipulizwe chembe za alumina na kupakwa kiunganishi chenye kemikali maalumu ya fosfati. Mshiko unaopatikana umeboreka sana, ila kwa gamba jembamba linalotegemea gundi peke yake mimi bado naiona si chaguo la kwanza. Kwa kofia nzima ya jino ni habari nyingine.

Za siku moja ni za kuaminika?

Za jino moja au mawili, kwa daktari mwenye skana, mashine na tanuri, zinaweza kuwa nzuri sana. Kwa meno sita au nane ya mbele, ningesubiri. Haraka inakunyima siku za kuishi na umbo la muda, kuzungumza nalo na kulionyesha nyumbani, na ni siku hizo ndipo hugunduliwa kwamba jino ni refu mno au herufi "f" haitamkiki vizuri.

Na za kuchapishwa kwa printa?

Printa tunaitumia kila wakati kwa modeli na kwa maumbo ya nta yatakayoshindiliwa. Kuchapisha kauri yenyewe kupo lakini bado si jambo la kawaida. Nyingi zinazouzwa kama vinia za kuchapishwa ni resini yenye chembe za kauri ndani yake, na hiyo si kauri.

Kubandika kunatofautiana?

Kunatofautiana kwa malighafi. Lithiamu disiliketi huwekwa asidi hidrofloriki ya asilimia 5 kwa sekunde 20, feldispari hudai muda mrefu zaidi, kisha zote hupakwa sileni, kemikali inayounganisha kauri na gundi. Hayo hufanyika nje ya mdomo, maana asidi hiyo ni hatari kwa tishu. Enameli hupata asidi fosforiki ya asilimia 35 hadi 37. Mate yakigusa sehemu iliyotayarishwa, hatua zinarudiwa. Daktari anayekufunika kwa mpira wa kutenga meno hakutesi.

Moja ikivunjika miaka ijayo, itatengenezwa sawa na zile nyingine?

Ya mashine ndiyo rahisi, mradi faili lake limehifadhiwa. Ya kushindiliwa inahitaji nta mpya, ila rangi ya kidonge imeandikwa. Ya kujengwa kwa mkono ni ngumu kuliko zote kurudia, hata kwa fundi yule yule, kwa sababu haina kipimo cha kurudia zaidi ya picha na kumbukumbu. Omba faili, picha na jina la malighafi viwekwe kwenye rekodi yako.

Nimuulize daktari nini kabla ya kukubali?

Malighafi ni ipi na kwa nini hiyo kwa meno yangu. Kiasi gani cha enameli kitabaki. Nitaona umbo mdomoni kabla ya kusagwa? Fundi ataona picha zangu, au ataniona mimi mwenyewe? Akijibu la kwanza kwa kutaja mashine aliyonunua, uliza tena.

Nikitaka meno meupe zaidi baadaye, vinia zinaweza kusafishwa rangi?

Hapana. Dawa ya kung'arisha meno haiigusi kauri, itayabadili meno ya jirani tu. Ng'arisha kwanza, subiri wiki mbili hivi rangi itulie na enameli irudishe uwezo wa kushika gundi, ndipo fundi achague rangi.